Tiketi ya likizo wakati mgomo unanukia: ushauri kwa msafiri wa Lubumbashi

Kila mwaka, likizo kubwa inapokaribia, watu wa Lubumbashi wenye ndugu Ubelgiji, Ufaransa au Kanada huanza kuulizana kama wanunue tiketi mapema ingali nafuu, au wangoje waone iwapo wafanyakazi wa ndege watagoma kweli. Mimi husafiri na familia yangu kwenda Ubelgiji mara kwa mara, na kwa kuwa jamaa wananijua kuwa mtu wa kusoma masharti mpaka herufi zile ndogo za mwisho, nimejikuta nikishughulikia pia tiketi za shangazi, za wajomba na za majirani. Ushauri wangu ni huu: nunua mapema, lakini nunua tiketi moja inayokubeba kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, hadi mwisho wa safari, na ukishainunua usiivunje wewe mwenyewe kwa hofu ya mgomo ambao bado haujaanza.

Msafiri anayeondokea hapa kwetu yuko wazi kwa migomo kuliko msafiri wa Paris au Nairobi, kwa sababu sisi hupitia Addis Ababa, Nairobi, Johannesburg au Kinshasa kabla ya kufika tuendako, na kila kituo kina vyama vyake vya wafanyakazi na madai yake. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walianza mgomo, na maelfu ya abiria wakakwama mpaka mahakama ilipowaamuru warudi kazini siku chache baadaye. Tarehe 11 Septemba 2024 hawakugoma marubani bali wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, waliokuwa wakipinga mpango wa kuukabidhi uwanja huo kwa kampuni ya Adani ya India. Mgomo ule ulimalizwa siku ileile, ila foleni ya abiria haikumalizika siku ileile. Tarehe 31 Machi 2025 ulikuwa mgomo wa kitaifa Ubelgiji, na uwanja wa Brussels haukurusha ndege yoyote ya abiria inayoondoka. Kwa hiyo anayeuliza tu kama shirika lake lina ugomvi na marubani wake ameuliza nusu ya swali. Waulizie pia wanaokagua mizigo, wanaoongoza ndege angani na wanaohudumia uwanja, katika kila mji ambao miguu yako itakanyaga.

Hapo ndipo tiketi moja inapopata thamani yake. Ukiwa na tiketi moja, ndege ya kwanza ikifutwa, shirika lililokuuzia linabaki na deni la kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili, kwa mfano moja ya Lubumbashi hadi Kinshasa na nyingine ya Kinshasa hadi Brussels, shirika la pili halijui wala halitaki kujua kwa nini hukutokea N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa. Kwake wewe ni abiria ambaye hakuja, na tiketi yako imepotea pamoja na ndege ya kurudi. Najua kwa nini watu wanagawanya tiketi: bei ya jumla mara nyingine inapungua kwa kiasi kinachoonekana. Kama hali ya mfuko inakulazimisha, basi acha siku mbili nzima Kinshasa katikati, na ukubali kwamba gharama ya malazi ni sehemu ya bei ya tiketi.

Jambo hilohilo linawahusu wanaopitia Ndola. Kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na kupanda ndege upande wa Zambia ni njia nzuri ya akiba, na wengi wetu tumeitumia. Lakini mwenye tiketi inayoanzia Luano asijipeleke Ndola kuidandia safari katikati, maana kipande cha kwanza kisipotumika, mfumo unafuta vipande vyote vinavyofuata. Piga simu kwanza, omba shirika libadilishe mahali pa kuanzia, na usiondoke nyumbani kabla ya kupokea tiketi mpya.

Sasa nije kwenye ofisi za tiketi, kwa sababu wengi wetu hununua huko kwa dola taslimu na si kwa kadi kwenye intaneti. Asubuhi moja, tangazo la mgomo likiwa limetoka usiku wake, nilikuwa nimeketi mbele ya mama mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya namna hiyo katikati ya mji, nikamwomba anigeuzie kioo cha kompyuta ili nione nafasi zetu zilivyoandikwa. Majina yalikuwa sawa na tarehe zilikuwa sawa, ila mahali pa simu ya abiria palikuwa na namba ya ofisi, na mahali pa barua pepe palikuwa pia pa ofisi. Nikamwambia, "Mama, naomba uweke namba yangu." Akajibu kwa upole, "Baba, ujumbe ukifika tutakuita." Nikamwuliza ukifika Jumamosi usiku ni nani atakayekuwa hapa wa kuniita. Akacheka, akaandika namba yangu. Ujumbe wa kufutwa kwa ndege ulikuja kweli mwisho wa juma, na kwa kuwa uliingia kwenye simu yangu, niliwahi kupata viti vya siku iliyofuata kabla watu hawajajaza laini za shirika.

Ukiwa hapo ofisini, hakikisha pia kwamba una tiketi na si nafasi tu. Msimbo wa herufi na tarakimu sita unaonyesha kwamba nafasi imeshikwa; tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinataja shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian Airlines, 706 ni Kenya Airways, 082 ni Brussels Airlines. Karatasi yenye msimbo wa sita peke yake inaweza kukusaidia kuomba viza, lakini siku ya mgomo haikupi haki yoyote. Omba pia risiti yenye jina lako na kiasi kamili ulicholipa, kwa maana fedha zinazorudishwa hurudi kwa njia zilizolipiwa, yaani kupitia ofisi hiyo, na bila risiti mazungumzo yatakuwa marefu.

Tangazo la mgomo likitoka, mtu mwenye wasiwasi hukimbilia kufuta safari. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Ukifuta wewe, unafuata masharti ya tiketi uliyonunua, na tiketi nafuu hazirudishi kitu isipokuwa baadhi ya kodi. Likifuta shirika, unastahili kurudishiwa fedha zako au kupelekwa kwa ndege nyingine. Kati ya hayo mawili kuna kipindi ambacho mashirika mengi hutangaza kwamba abiria wa tarehe fulani wanaruhusiwa kuhama bila malipo. Kipindi hicho ndicho cha kukivizia: angalia tovuti ya shirika asubuhi na jioni, na ruhusa ikitoka hama mara moja, kwa kuwa viti vya siku za jirani huisha ndani ya saa chache, hasa ukiwa na watoto na mnataka kukaa pamoja. Kwa sababu hiyo silipi nyongeza ya tiketi inayobadilishika eti kwa ajili ya mgomo. Ndege ikifutwa, mwenye tiketi nafuu na mwenye tiketi ghali wanasimama mstari mmoja.

Kwa Mkongomani, kuhamishiwa njia nyingine kunakuja na hesabu ya viza, na wafanyakazi wa simu wa shirika hawaifanyi kwa niaba yako. Kongo yetu (RDC) imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita hata wakibaki ndani ya uwanja wa nchi yoyote ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), isipokuwa wawe na hati fulani, kama vile viza halali ya Schengen yenyewe au ya Kanada au Marekani. Uingereza nayo ina orodha yake, nasi tumo, na viza ya matembezi ya Schengen haikufungulii Heathrow, uwanja wa London. Hivyo mtu aliyekuwa akienda Brussels kupitia Addis Ababa, akikubali haraka haraka kupelekwa kupitia London, anaweza kuzuiwa kupanda ndege hiyo mpya, huku ile nafasi yake ya zamani imekwisha kuachiwa. Kabla ya kusema ndiyo kwa njia yoyote, uliza ndege itatua wapi, mtakaa saa ngapi, na kama mtalazimika kutoka uwanjani kulala hotelini. Tazama pia tarehe za viza yako. Viza nyingi za Schengen hupewa siku 15 za ziada katika muda wa uhalali, lakini idadi ya siku za kukaa haiongezeki. Ukikwamia huko kwa sababu ya mgomo na siku zako zinaisha, sheria ya viza ya Ulaya inaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa sababu isiyozuilika, ila uombe kabla siku hazijaisha, ukiwa na uthibitisho wa shirika mkononi. Na barua ya ruhusa ya mzazi kwa watoto isifungwe kwenye namba ya ndege moja. Andika kipindi chenye nafasi mbele na nyuma.

Kuhusu haki, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda abiria yeyote anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja huo, na pia anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya. Maana yake ni kwamba ukitoka Luano na shirika la Kiafrika, kanuni hiyo haikuhusu wakati wa kwenda, ila inakuhusu wakati wa kurudi kutoka Brussels au Paris. Ndege ikifutwa, unachagua kati ya kurudishiwa fedha ndani ya siku saba na kupelekwa kwa njia nyingine, na ukiwa unangoja, chakula na hoteli ni juu ya shirika, hata kama mgomo si wa kwake. Fidia ni jambo jingine. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500 kiwango chake ni euro 600, mradi hukuarifiwa wiki mbili kabla. Machi 2021 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu mgomo wa marubani wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliamua kwamba mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe kwa ajili ya mishahara si sababu ya kulikwepesha fidia. Waongozaji wa ndege au wakaguzi wa uwanja wakigoma, fidia kwa kawaida haipo. Mtu wa kaunta akikuambia "ni mgomo tu," mwulize kwa adabu ni mgomo wa nani, na umwombe akuandikie. Asikupe vocha (hati ya kununulia tiketi nyingine) badala ya fedha bila saini yako. Mimi vocha huikataa, kwani shirika likibadili ratiba ya Lubumbashi vocha hiyo haina pa kutumika.

Bima ya safari inayodaiwa kwa viza ya Schengen, ile ya angalau euro 30,000, ni ya matibabu na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifa. Haihusu mgomo. Na bima ya kufutwa kwa safari ikinunuliwa baada ya mgomo kutangazwa, kampuni haitaulipia mgomo huo.

Ukirudi nyumbani, dai lako lipeleke wewe mwenyewe kwa shirika kwa barua pepe, ukiambatanisha tiketi, vibali vya kupandia ndege na risiti za chakula mlichojinunulia. Fomu nyingi za Ulaya zinadai namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya benki ya mtindo wa huko, nasi hapa tunatumia RIB (hati ya benki yenye namba ya akaunti) na msimbo wa SWIFT unaotambulisha benki, kwa hiyo dai la kwanza hukwama hapo bila jibu. Andika hati ya kumruhusu ndugu aliyeko huko apokee fedha kwa niaba yako, iwe na saini yako na nakala ya pasipoti, uiambatanishe tangu barua ya kwanza. Kila msafiri, mtoto naye akiwemo, ana dai lake, na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye tiketi.