Rafiki Akifa Akaacha Bunduki na Madaftari

Mwenye bunduki akifariki, taazia isubiri. Kwanza bunduki yenyewe. Msiba unaleta watu wengi, watoto wa jamaa wanaingia kila chumba, na mara nyingi aliyejua ufunguo wa sefu ulipo ndiye aliyekwenda kuzikwa.

Rafiki yangu, nitamwita Mzee tu maana familia yake haipendi kuandikwa, aliandika habari za bunduki za uwindaji kwenye majarida ya nje kwa miaka mingi. Mimi nilifanya kazi kambi za uwindaji, huko ndiko tulikojuana. Alipofariki, mkewe alikaa eda, kwa hiyo mambo ya nje ya nyumba yakaangukia kwa kijana wake mkubwa, naye akanipigia simu.

Tuliwaita polisi waje kuzichukua silaha. Usizibebe mwenyewe kwenye gari kwenda kituoni, hata kama nia ni njema, maana barabarani wewe ni mtu mwenye bunduki isiyo yako. Leseni ni ya mtu, haigawanywi kwenye mirathi pamoja na shamba na nyumba. Mtoto anayeitaka bunduki ya baba yake anaomba leseni yake mwenyewe, na silaha inakaa polisi wakati anasubiri. Tafuta kitabu cha leseni, linganisha namba zilizoandikwa na zile zilizochongwa kwenye chuma, hesabu risasi mbele ya askari, na usikubali waondoke kabla hujapata karatasi ya makabidhiano. Na usiguse chochote kwa kudhani ni tupu. Jeff Cooper, yule mwalimu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2006, aliweka kanuni nne za usalama, na ya kwanza ni kwamba kila bunduki ina risasi, wakati wote. Mzee alikuwa akiirudia mpaka wageni wanachoka.

Hayo yakiisha, ndipo madaftari.

Yake yalikuwa ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Ndani hakuna hadithi. Kuna tarehe, kaliba (kipenyo cha risasi), umbali kwa hatua, risasi imeingia wapi, imepita mfupa gani, mnyama alikwenda mbali kiasi gani kabla ya kuanguka. Kisha uzito wa risasi ilipotolewa kwenye mzoga, ukilinganishwa na ule wa mwanzo. Risasi ya kaliba .375 ya kumpigia nyati huwa na greni 300, yaani kama gramu 19 na nusu hivi, na ikitoka ndani imebaki nusu, yaani imemeguka njiani, hilo linakuambia jambo ambalo tangazo la kiwanda halitakuambia. Kwa mtu asiyejua, ni makaratasi machafu yenye madoa ya damu. Kuna jamaa, tena msomi, aliyeshauri yachomwe na magazeti ya zamani.

Piga picha kila ukurasa kwa mpangilio wake, majalada na vijikaratasi vilivyochomekwa humo pia, kabla hujaanza kusoma. Ukianza kusoma utachomoa kinachokuvutia, na mpangilio utaharibika. Halafu watafute waliokuwepo. Mzee aliandika majina ya makorongo na vijito ambayo hayamo kwenye ramani yoyote, na kwa ufupisho wake mwenyewe. Aliyetufumbulia ni mfuata nyayo mmoja aliyestaafu, alikuwa akisomewa mstari mmoja tu na kusema, "Hapo ni siku ile upepo uligeuka." Kwenye madaftari tukakuta majina ya wafuata nyayo na wachuna ngozi ambayo majarida yaliyakata kila mara. Katika makala zilizochapwa wanaitwa "tracker wangu", basi. Ukiandika taazia, warudishe.

Kazi hii ya kukusanya maandishi ya marehemu ina mifano ya heshima. W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za Karamoja, Uganda, alifariki mwaka 1954. Kitabu kilichokusanywa kutokana na maandishi yake kilitoka mwaka 1960, na aliyekihariri ni Townsend Whelen, naye mwandishi wa bunduki, mzee wa miaka zaidi ya 80. Finn Aagaard aliyefariki mwaka 2000, makala zake zilikusanywa na mjane wake. Huyu Aagaard ndiye Mzee alimpenda kuliko wote. Alizaliwa Kenya mwaka 1932 kwa wazazi wa Kinorwe, akawa mwindaji bingwa huko, yaani anayewaongoza wateja porini, na Kenya ilipopiga marufuku uwindaji Mei 1977 akahamia Texas na kuanza kuandika. Mzee alisema wengine wanaandika kuhusu bunduki, Aagaard anaandika bunduki ilifanya nini.

Kwa hiyo taazia yenyewe, ushauri wangu: andika alichokuwa akibishia. Sifa za "alikuwa mcheshi, alipenda watu" zinamfaa yeyote. Ubishi ni wake peke yake. Mzee alipambana maisha yake yote na hesabu ya John Taylor, mwindaji aliyechapisha kitabu chake cha bunduki na risasi za Afrika mwaka 1948. Taylor alizidisha uzito wa risasi kwa kasi yake na kipenyo chake, akagawanya kwa 7,000 (idadi ya greni katika ratili moja), akapata namba ya kuonyesha risasi inapiga kwa kishindo gani. Wateja walifika kambini wameikariri. Mzee alikuwa akiwauliza: hiyo hesabu, mahali risasi ilipopiga pameandikwa wapi? Kisha anawapa habari ya Bell, aliyepasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na akaua tembo wengi kwa bunduki ndogo ya kaliba ya milimita 7 ambayo leo sheria isingemruhusu hata kwa nyati.

Hapo pana jambo gumu, na usilikwepe. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja. Sisi ambao tulisikia matokeo ya sensa ya mwaka 2013, kwamba eneo la Selous limebaki na tembo kama 13,000 tu, hatuwezi kuitaja namba ya Bell kama watu walivyoitaja zamani. Mzee mwenyewe alibadilika. Makala zake za ujanani zina majigambo, za uzeeni zinazungumza zaidi juu ya risasi ambazo hakuzipiga. Nikaweka vyote viwili. Kijana wake hakupenda, alitaka za uzeeni peke yake, tukabishana kidogo hadi akakubali. Marehemu aliyesafishwa sana hatambuliki na waliomjua.

Hadithi za hatari zipunguze. Kila mwandishi wa bunduki ana ile ya nyati aliyeanguka miguuni pake, na msomaji wa majarida hayo keshaisoma kwa watu wengi. Kama ipo kwenye daftari, yenye tarehe na umbali, iweke. Kama inaishi barazani tu, iache barazani.

Na kabla hujampelekea mhariri, msomee mjane. Nilikwenda na karatasi zangu, Mama akasikiliza kimya mpaka mwisho, akaniambia nifute aya ya chui. Nikamuuliza kwa nini, maana nilidhani ndiyo nzuri kuliko zote. "Kila akiisimulia," akasema, "chui anakuwa mkubwa zaidi."