Mlango Umeng'olewa, Nami Bado Nimo Ndani

*Shikamoo Bi. Napanga chumba kimoja Kisumu Ndogo, hapa Malindi, kodi 2,400 kwa mwezi. Nauza mahamri na mbaazi asubuhi, mume wangu ni mvuvi. Tangu upepo wa kusi ukaze haendi baharini, na wageni nao hawapo, basi tumekosa kodi ya miezi miwili. Mwenye nyumba alianza kwa kufunga mfereji. Halafu akakata stima ya chumba chetu peke yake, maana mita ni yake na sisi humlipa yeye. Ijumaa akaja na fundi wakang'oa mlango. Nimetundika leso. Anasema mwisho wa mwezi atatoa vyombo nje na kuchukua jiko langu na masufuria. Majirani wanasema nihame usiku kabla sijaaibika. Nifanye nini, na pesa za wakili sina?*
*Mpangaji, Kisumu Ndogo*

Marahaba mwanangu. Usihame.

Nalitanguliza hilo kwa sababu najua usiku ule ulivyo. Mwaka 1997, wakati wa mvua za El Nino, mama yangu aliezuliwa mabati mawili juu ya kitanda kwa deni la kodi. Alijitanda buibui akatubeba usiku kwa shangazi yetu, na hakuna aliyemwambia kuwa kuna mahali pa kushtaki. Baadaye nilifanya kazi masjala ya mahakama miaka 19. Wangapi niliwaona kama mama, wamekuja wakiwa wameshatoka, vyombo vimetawanyika, hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kukaa pale. Aliye ndani ya chumba husikilizwa kwa wepesi kuliko aliyekwisha ondoka.

Deni unalo, usilikane. Lakini deni la kodi halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kukutoa kwa mkono wake. Kukutoa ni kwa amri ya baraza la kodi au mahakama. Kukamata vyombo kwa ajili ya kodi pia kuna sheria yake, na kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, si ya mwenye nyumba na vijana wake. Hata dalali huyo hagusi nguo mnazovaa wala matandiko mnayolalia.

Kodi yako ya 2,400 inakuweka mahali pazuri, ingawa hukujua. Kenya ina sheria ya kodi za nyumba tangu 1959, na chini yake kuna baraza linalosikiliza kesi za nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Baraza hilo husikiliza malalamiko ya mpangaji anayesumbuliwa makusudi ili atoke, kwa kukatiwa maji au taa. Mbele yake unaweza pia kuomba ulipe deni kidogo kidogo. Kiwango cha 2,500 kinaniuma sana, kwa sababu vyumba vingi vya Malindi sasa vimekipita na wapangaji wake ni maskini vilevile. Wao huenda mahakama ya kawaida, lakini nao hawatolewi bila amri.

Kesho, ukishamaliza kuuza, piga picha mlango, mfereji na waya uliokatwa. Nenda polisi uandikishe, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari lao la matukio. Pitia kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, waambie wakuandikie barua kuwa unakaa pale. Usifute ujumbe wowote wa M-Pesa uliomtumia mwenye nyumba. Kama ulilipa taslimu, andika kwenye daftari tarehe na kiasi, na nani alikuwapo. Kisha nenda masjala ya mahakama hapa Malindi uulize namna ya kufikisha malalamiko kwenye baraza la kodi. Karani akikujibu kwa haraka, rudia swali. Ni kazi yake kukueleza.

Wakili hawezi kuwa kizuizi. Tangu 2016 tuna sheria ya msaada wa kisheria, na kuna huduma ya taifa iliyoundwa chini yake kwa ajili ya wasio na uwezo. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, husaidia maskini bila malipo katika mambo ya nyumba na ardhi, na kina ofisi Mombasa. Piga simu kwanza kabla ya kutoa nauli. Eleza kwa ufupi: mlango umeng'olewa, bado nimo ndani, nina watoto au sina.

Kuhusu stima, usipoteze siku kwenye ofisi ya umeme. Akaunti ni ya mwenye nyumba, kwao wewe si mteja, na maji ni vivyo hivyo kama mita ni yake. Lalamiko lako ni juu yake yeye. Ila weka rekodi ya kila shilingi ya tokeni uliyompa.

Na wiki hii mtumie kitu, hata 500, kwa M-Pesa, umwandikie "sehemu ya kodi". Mtu anayelipa kidogo haonekani mkorofi mbele ya baraza.

*Bi, nyumba ni yangu ila kiwanja si changu, kama wengi hapa Shella. Tumelipa kodi ya kiwanja tangu enzi za babu. Kiwanja kimeuzwa, na mwenyewe mpya amenipa wiki mbili nibomoe.*
*Baba wa watoto wanne, Malindi*

Wiki mbili hazitoshi, baba. Sheria ya ardhi inataka hata aliyekaa kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa apewe notisi ya maandishi ya miezi 3 isiyopungua, seuze wewe uliyelipa kodi ya kiwanja tangu babu. Aliyepewa notisi anaweza kuomba nafuu mahakamani, na Malindi tunayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usibomoe hata ukuta wa choo. Kusanya risiti zote za kodi ya kiwanja, hata zilizoliwa na mchwa, utafute na wazee wawili wanaokumbuka nyumba ilipojengwa. Ukipeleka risiti kwa yeyote, toa nakala, zenyewe zibaki kwako.