Hiyo skafu iacheni dukani: kwenda mpirani Kraków na mtoto

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kraków, kwetu Morogoro. Mwezi ujao mjomba anakuja kunitembelea na mwanawe wa miaka 13. Huyo mtoto hana habari na majumba ya wafalme, anachotaka ni mpira. Nimesikia mengi kuhusu wahuni wa soka wa Poland, mara visu, mara mapanga. Mwenzangu wa hosteli anasema nisiogope: tununue skafu za timu mwenyeji tuzivae tangu asubuhi, watatuona ni watu wao. Kuna pia jamaa kwenye grupu la WhatsApp anauza tiketi, na ukimwongeza kidogo anakusindikiza mpaka kwenye kiti. Je, ni salama? Tukae upande gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpelekeni mtoto mpirani. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi ya usalama viwanjani Poland. Nilianza kwa kupapasa makoti ya watu langoni, leo nasimamia kikosi cha jukwaa zima. Familia zilizopita mikononi mwangu zimetoka kama zilivyoingia, na malalamiko yao makubwa ni baridi ya kiti na foleni ya chooni.

Kinachonitia homa ni hiyo skafu. Kila Oktoba vyuo vinapofunguliwa naletewa swali hili, na kila mara kuna "mwenzangu wa hosteli". Sijui ushauri huu ulizaliwa wapi, ila umeshawatia vijana wetu matatani kuliko kitu kingine chochote kinachohusu mpira nchi hii.

Sisi tumekulia kwenye utani. Mtu wa Yanga anakatiza Msimbazi na jezi yake ya kijani, anazomewa, anapewa majina, anacheka, anapita zake, na jioni wanakunywa kahawa benchi moja. Ukija na akili hiyo Kraków umepotea. Hapa kuna Cracovia na Wisła, zote zilianzishwa mwaka 1906, na viwanja vyao vinatazamana kuvuka uwanda wa majani wa Błonia, mwendo wa kutembea kwa miguu tu. Dabi yao wenyewe wanaiita Święta Wojna, yaani Vita Takatifu. Uhasama kati ya mashabiki wa timu mbili Wapolandi wanauita "kosa", neno lao la ule mundu mrefu wa kufyekea majani. Kwa Kiswahili nalo linafaa.

Mapanga uliyoyasikia si uzushi. Mwaka 2004 makundi ya wahuni wa vilabu vingi vya Poland yalikubaliana kwamba wakipigana wapigane kwa mikono mitupu. Mapatano hayo yanajulikana kama Pakt Poznański. Makundi ya Kraków hayakuingia. Ndiyo maana mji huu una sifa mbaya kuliko mingine, na wenyeji wenyewe hawafichi. Lakini jiulize panga hilo linamwinda nani. Linamwinda mtu wa genge la pili, anayejulikana kwa jina na kwa mtaa, kwa mambo ya dawa za kulevya na visasi vya miaka. Genge lililojiita Sharks lilijipenyeza mpaka ndani ya uongozi wa Wisła, na Januari 2019 klabu ikasimamishiwa leseni, ikanusurika kwa mikopo ya watu watatu, mmoja wao mchezaji Jakub Błaszczykowski. Watu wa aina hiyo wanahesabu fedha. Mjomba wako na mtoto wake hawamo kwenye hesabu zao.

Mnaweza kujiingiza wenyewe, na njia rahisi kabisa ni hiyo skafu. Ukishaivaa umeshataja upande wako, na vijana wadogo wanaotaka kujionyesha kwa wakubwa zao huanza na mtu kama wewe. Wala hawafanyi hivyo uwanjani. Uwanjani kuna kamera, kuna mimi, kuna polisi nje ya uzio. Wanafanya kwenye tramu, kituo cha tatu au cha nne baada ya mechi, umati ukishapungua.

Niliona kwa macho yangu nikirudi nyumbani usiku mmoja. Kijana mgeni, mwanafunzi, amekaa dirishani na skafu mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Wakapanda wawili wenye sweta za kofia. Mmoja akainama, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama anayeulizia saa: "Za kim jesteś?" Uko upande wa nani? Kijana akatabasamu, akadhani amepata marafiki, akataja timu. Skafu ilimtoka shingoni kwa mvuto mmoja, na kofi juu yake. Simu ya bei mbaya ilikuwa mkononi mwake, hawakuigusa. Walikuja kwa kile kitambaa tu, maana kwao skafu ya adui ni nyara, inatundikwa na kupigwa picha.

Swali hilo lina jibu moja tu: "Nie interesuję się piłką", sifuatilii mpira. Likaririni wote watatu, mtoto atalishika kuwashinda ninyi. Na skafu ikishavutwa, iachieni. Halafu shukeni kituo chenye taa na watu, pigeni 112.

Hapo kuna mtego wa rangi ambao wageni hawaujui. Bendera ya Poland ni nyeupe na nyekundu, basi mtu anaona kitu chochote chekundu na cheupe anadhani ni cha taifa. Cracovia huvaa milia myekundu na myeupe, wanaitwa Pasy, Milia. Wisła ni jezi nyekundu yenye nyota nyeupe kifuani. Skafu iliyoandikwa POLSKA haina ubaya. Lakini kitambaa cha milia ulichookota sokoni kwa sababu kimekupendeza, wewe unakiona pambo na mwingine anakiona uchokozi. Na kama mjomba ni mtu wa Simba, mwambie kwa heshima zote ile jezi nyekundu ibaki sandukuni. Usiku, kutoka ng'ambo ya barabara, hakuna atakayesoma jina la mdhamini. Mwambie avae koti jeusi au la kijivu. Mkifika uwanjani, angalieni walivyovaa baba wenye watoto: wengi skafu iko mfukoni, inatoka wakishakaa, inarudi mfukoni kabla ya kutoka. Hao ndio wenyeji wenyewe.

Sasa huyo msindikizaji wa WhatsApp. Kwenye mechi za ligi tiketi hubeba jina. Sheria ya usalama wa mikusanyiko mikubwa ya mwaka 2009 inamtaka mwandaaji wa mechi amjue mtu anayemuuzia, na vijana wangu langoni wana haki ya kukudai kitambulisho. Mara ngapi nimemrudisha mtu aliyesafiri kilomita 300 kwa sababu tiketi ina jina la Mpolandi asiyemfahamu! Analia, ananiita mbaguzi, na mlanguzi wake ameshazima simu. Nunueni kwenye tovuti ya klabu au dirishani, kwa pasipoti, kila mtu kwa jina lake, na ya mtoto pia. Vilabu vingine vinataka mwanzo ufunguliwe kadi ya shabiki, ni kazi ya dakika chache. Kuhusu kusindikizwa mpaka kitini: kila jukwaa lina watu waliovaa vizibao vya rangi kali, wamelipwa kwa kazi hiyo hiyo. Mechi ikiwekwa kundi la hatari, sheria inataka walinzi na waelekezaji wasiopungua 15 kwa watu 200 wa kwanza, na 2 zaidi kwa kila 100 wanaoongezeka. Huyo jamaa anawauzia bure iliyokwisha lipiwa.

Viti. Ombeni sektor rodzinny, jukwaa la familia. Kama limejaa, kaeni jukwaa kuu la ubavuni, katikati. Nyuma ya goli msiende, huko ndiko kwa washangiliaji wakuu, kama Żyleta ya Legia kule Warszawa au Kocioł ya Lech kule Poznań: mnasimama dakika 90, mnaimba kwa amri ya mtu mwenye kipaza sauti aliyeupa uwanja mgongo, na ukitoa simu kupiga picha utaambiwa uirudishe mfukoni, si kwa upole. Kaeni mbali pia na kizimba cha timu ngeni. Vurugu za ndani nyingi huanzia ukingo huo. Septemba 2016 Legia ikicheza na Borussia Dortmund, wenyeji walijaribu kuwavamia wageni, wakapambana na walinzi waliokuwa katikati, na UEFA ikaifanya Legia icheze na Real Madrid mbele ya viti vitupu, mechi ya 3-3 ambayo watu wa Warszawa wangeuza gari kuiona.

Fataki za moshi na moto mtaziona, ingawa kuingia nazo ni kosa la jinai la miezi 3 mpaka miaka 5 jela. Raca, yaani fataki ya moto ya kushika mkononi, haizimiki kwa maji, ndiyo maana mtaona ndoo za mchanga pembeni ya uwanja. Mtoto kama ana pumu, fikirieni mara mbili. Na yeyote akikupa uishike "kwa picha tu", kunja mikono.

Ubaguzi hukuuliza, lakini najua umo ndani ya swali. Sitakudanganya. Emmanuel Olisadebe, mzaliwa wa Nigeria, alirushiwa ndizi kwenye viwanja vya Poland, kisha akapewa uraia mwaka 2000 na mabao yake yakaipeleka nchi hiyo hiyo Kombe la Dunia la 2002. Siku hizi majukwaa yana wachezaji weusi wa kuwashangilia kila wiki, na bado mnaweza kusikia neno chafu. Kumtukana mtu hadharani kwa rangi yake ni jinai, kifungo mpaka miaka 3. Msijibizane. Mwoneni mtu wa kizibao, mtajieni namba ya safu na kiti, kamera itamalizia. Mimi nimeshatoa ushahidi wa namna hiyo, kesi zinakwenda.

Watu wanashindwa kuelewa jambo moja, nami nimechoka kulirudia: wanaogopa geti wakati geti ndilo salama. Kabla ya Euro 2012, Sol Campbell, beki wa zamani wa Uingereza, aliwaambia mashabiki kwenye televisheni wabaki nyumbani, wasije wakarudi kwenye jeneza. Mechi za upande wa Poland zilichezwa Warszawa, Gdańsk, Poznań na Wrocław, na ghasia kubwa, ile ya Poland na Urusi ya tarehe 12 Juni, ilizuka barabarani, Warusi walipokuwa wakivuka kwa maandamano daraja la Poniatowski kuelekea uwanjani. Sisemi viwanja havijawahi kuchafuka. Fainali ya kombe ya Mei 2011 pale Bydgoszcz, Legia na Lech, watu walimwagika uwanjani na serikali ikafunga viwanja vya timu zote mbili kwa muda. Lakini tangu hapo, anayetaka kupigana anajua uwanjani ataonekana usoni, na mahakama itampiga marufuku miaka 2 mpaka 6. Kwa hiyo wanapangiana msituni, mbali na mechi, idadi sawa kwa sawa. Wanaita ustawka.

Na hapo ndipo wababaishaji wanapopatia riziki. Mwaka huu nimeletewa tangazo la mtu anayechukua fedha kuwapeleka wageni "kuwaona wahuni halisi", eti ana ndugu ndani. Kama hana ndugu, ameshakuibia. Kama anaye, utakuwa umesimama kichakani saa kumi na mbili asubuhi na watu themanini wanaovunjana meno, polisi wakifika hawatakuuliza ulilipa shilingi ngapi. Mwingine anafundisha mtandaoni kumtambua mhuni kwa viatu, upuuzi mtupu, viatu hivyo navaa mimi. Wa tatu anawauzia wanafunzi dawa ya pilipili ya kupuliza, "ni halali Poland". Ni halali barabarani. Langoni inahesabika kitu cha hatari, na mwezi uliopita binti mmoja wa Kikenya aliibeba mkobani, akapelekwa pembeni, akakosa kipindi chote cha kwanza akijieleza kwa Kiingereza kwa askari asiyejua Kiingereza. Alikuwa na tiketi halali, jina lake, kiti cha jukwaa la familia. Alichokosea ni kumsikiliza mwenzake wa hosteli.

Mtoto akiililia skafu, mnunulieni siku ya kuondoka, ikae chini kabisa ya sanduku mpaka Morogoro.