Kabla hujafunga soketi ya antena ukutani, angalia ncha ya waya

Nyie mnaoanza hizi kazi nawaandikia hii kwa sababu soketi nyingi za TV nilizowahi kuzifungua zikiwa zimegoma zilikuwa na ugonjwa ule ule, na ugonjwa haukuwa kwenye antena wala kwenye TV, ulikuwa pale mwisho wa waya, sentimita mbili tu.

Waya wa antena sio kama wa umeme jamani. Katikati kuna uzi wa shaba, halafu plastiki nyeupe, halafu karatasi ya alumini, halafu wavu wa nyuzi nyembamba kama nywele, ndo lije ganda la nje. Ile plastiki nyeupe haizuii shoti tu, unene wake ndo unaofanya waya uwe wa omu 75 (kipimo ambacho vifaa vya TV vinautaka), kwa hiyo ukiuponda na nyundo wakati unapiga klipu au ukiukunja kona kali unakuwa umeharibu waya hata kama kwa nje unaonekana mzima. RG6, aina ya waya wa antena inayotumika sana, ina unene kama milimita 7, mimi kona zake nazizungusha kama ukingo wa kisosi, sikunji chini ya hapo.

Sasa ile ncha. Soketi yangu ya kwanza ilinimaliza siku mbili, TV inaandika hakuna signali, nikabadilisha plagi, nikapanda kugeuza antena, wapi. Siku ya pili nikamulika tochi ndani ya soketi nikakuta unywele mmoja wa wavu umegusa skrubu ya katikati, mmoja tu! Tangu hapo namenya ganda la nje kama milimita 15, narudisha wavu wote nyuma, nausokota usibaki hata uzi mmoja unaoning'inia, nakata karatasi ya alumini, ndo namenya plastiki nyeupe nabakiza uzi wa katikati milimita 6 au 7. Kisu kizungushe taratibu maana ukiukwaruza ule uzi utakatika ukikaza skrubu, na hapo unaanza upya. Ndo maana bakiza waya wa ziada kidogo ndani ya boksi, na chukua boksi lenye kina, usilazimishe waya ujibane nyuma ya soketi.

Kabla ya kufunga pima na mita (multimeter) ukiiweka kwenye ule mlio, inayolia ikikuta vitu viwili vimeungana. Chomoa pande zote mbili kwanza, kwa sababu antena nyingine kwa ndani zimeungana na mita italia hata kama waya hauna shida. Uzi na wavu visigusane, mita ikae kimya. Halafu viunganishe upande mmoja, nenda upande wa pili upime tena, hapo lazima ilie.

Kwenye kununua soketi kuwa makini, ipo ya mwisho wa waya na ipo ya kupitishia inayoendelea chumba kingine, usizichanganye. Na nyingine zina kapasita ndani zinazuia volti, kwa antena ya kawaida haina neno, ila kama juu ya mlingoti kuna busta (kikuza signali) inayopata umeme kupitia waya huo huo, au ni dishi ambalo LNB yake (kile kichwa cha kupokea signali mbele ya dishi) inasubiri volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi, hiyo soketi itaua kila kitu na wewe utalaumu dishi. Vyumba viwili? Usibane nyaya mbili kwenye skrubu moja, weka spilita (kigawanya signali), na ujue hata spilita nzuri ya njia mbili inakula kama desibeli 3.5 hadi 4 kwa kila upande, yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya signali.

Kuchimba ukuta nadhani mnajua, hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba hapo, na soketi ya TV isikae boksi moja na ya umeme.

Halafu msidanganyike na picha ya siku ya kwanza. Enzi za analogi waya mbovu ulikuonyesha chenga mapema, dijitali inakupa picha safi kabisa mpaka signali ishuke chini ya kiwango, ndo inaanza kugandaganda, labda mvua ikinyesha. Kwa hiyo chomeka TV moja kwa moja kwenye waya wa antena kabla hujafunga soketi, ingia kwenye menyu uandike nguvu na ubora wa signali, halafu funga soketi usome tena kwenye chaneli ile ile. Ikishuka kidogo sawa. Ubora ukiporomoka fungua, menya ncha upya, na plasta usiiguse kwanza.