Maji, Mpira na Maharage: Maswali Yenu ya Presha Kuka ya Umeme

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia chombo kimoja, na karibu zote zina chanzo kimoja: mpishi amehamishia vipimo vya sufuria ya wazi kwenye chombo ambacho hakipotezi maji. Majibu yetu ni ya presha kuka ya lita 6 na wati 1,000, ndiyo iliyozoeleka madukani. Kikombe ni cha mililita 250. Dakika tunazotaja zinaanza presha ikishajaa, si pale unapobonyeza kitufe. Kujaa kwenyewe huchukua dakika 10 hadi 20 kutegemea wingi wa maji.

Shikamooni. Nimeacha mkaa, napikia presha kuka, lakini maharage yananishinda. Nayaloweka usiku, asubuhi natia nyanya, kitunguu, karoti na chumvi vyote kwa pamoja, nusu saa. Yanatoka mengine laini, mengine yanagonga meno. Juzi nimetoa mvuke, likatoka povu la kahawia likarukia ukutani. Jirani ananiambia nitie magadi. – Mama wa watoto watatu, Mbagala

Marahaba, mama. Anayekuharibia ni nyanya. Uchachu wake, sawa na wa ndimu au ukwaju, huzuia maharage yasilainike, hata ukiyapa presha. Chumvi haina ubaya huo, unaweza kuitia hata kwenye maji ya kulowekea.

Fanya hivi. Vikombe 2 vya maharage yaliyochaguliwa na kuoshwa, loweka saa 8. Mwaga maji hayo, tia maji mapya vikombe 4, chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Funga, weka dakika 15. Ikilia, usiguse kizibo cha mvuke. Iache presha ishuke yenyewe, dakika 20 hivi, mpaka kile kipini kidogo cha chuma kwenye mfuniko kizame. Ndipo ufungue, ukaange nyanya na vitunguu vyako pembeni, uunge. Ukisahau kuloweka, maji yawe vikombe 6 na muda dakika 40.

Povu linatoka kwa sababu maharage yakichemka hutoa utomvu mzito. Ukifungulia mvuke ghafla, maji yote ndani yanachemka kwa mara moja na utomvu huo unapanda hadi kwenye tundu. Mafuta yanaupunguza, kusubiri kunaumaliza. Na kamwe maharage na maji yake visipite alama ya nusu ya sufuria.

Magadi usitie. Presha inafanya kazi hiyo bila msaada, na magadi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kama umefuata yote haya na bado punje ni ngumu, maharage ni ya zamani. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu hugoma kuiva kabisa, badilisha muuzaji.

Jambo moja la hatari kwa wenye mashine yenye kitufe cha kupika taratibu: usipike humo maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili ambayo huvunjika kwa kuchemka hasa, na moto ule mdogo hauifikishi huko. Mtu anaweza kutapika kwa punje chache tu.

Maharage ya nazi je? Tui langu linakatika, mafuta juu, maji chini. – Msomaji, Pangani

Tui jepesi, lile la kamuo la pili na la tatu, litumie badala ya sehemu ya maji. Tui zito libaki bakulini. Baada ya kufungua, washa kitufe cha kukaanga kwa moto mdogo, mimina tui zito, koroga upande mmoja dakika 4 au 5, zima kabla halijatokota kwa nguvu. Tui zito halistahimili joto la presha.

Kijitabu kimeandika nyama dakika 25, kwangu haiivi. Mume wangu naye anasema hiki kitu kinakula umeme kuliko pasi. – Msomaji, Mbeya

Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Maji ya sufuria ya wazi kwenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya Mbeya kwenye mkaa humaliza mchana mzima. Presha kuka inavuka nyuzi 110, kwa hiyo faida yake kwenu ni kubwa kuliko Dar es Salaam, ila nayo inapungukiwa kidogo. Penye dakika 25 weka 30, penye 40 weka 47. Wa Njombe, Nakuru na Eldoret wafanye vivyo hivyo. Wa Dodoma wanatosha kuongeza dakika mbili tatu.

Kuhusu umeme, shemeji asome mita. Wati 1,000 zinawaka mfululizo wakati presha inapanda tu. Ikijaa, mashine inawaka na kuzima. Chungu cha maharage yasiyolowekwa hutumia kama nusu uniti. Kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa uniti, ni chini ya shilingi 200. Andika uniti zinazosomeka kwenye mita ya LUKU kabla na baada, friji ikiwa imezimwa, mmalize ubishi. Kinachokula umeme kimyakimya ni kitufe cha kuhifadhi joto kikiachwa hadi usiku.

Asalaam aleikum. Idi nina wageni kumi na tano na nataka pilau ya kilo 2 za mchele kwenye presha kuka. Nipeni vipimo vya maji, maana mara ya mwisho nilipata bokoboko. – Bi harusi wa mwaka jana, Tanga

Waaleikum salaam, bibi. Kilo 2 hazingii. Mchele huo ni vikombe kama 10, yaani lita mbili na nusu kabla hujatia supu wala nyama, na chakula kinachovimba kinaishia alama ya nusu, yaani lita 3. Ukilazimisha, wanga unaziba tundu la mvuke.

Siku ya Idi itumie kwa nyama. Kilo 2 za ng'ombe yenye mifupa, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, maji vikombe 5. Dakika 25, iache itulie dakika 15. Nyama imeiva, na una supu nyingi kuliko maji uliyotia kwa sababu nyama yenyewe hutoa maji. Pilau lenyewe lipike kwenye sufuria kubwa, ufunike na mkaa juu kama mama alivyokufundisha. Hata ukoko wake hutaupata kwenye presha kuka.

Pilau la presha kuka ni la watu watano au sita: mchele vikombe 3, nyama robo tatu kilo, viazi 4 vya wastani. Chemsha nyama kwanza kama hapo juu kwa vikombe 2 vya maji, toa nyama na supu. Kwenye sufuria tupu kaanga vitunguu maji 3 hadi viwe kahawia ya kweli, dakika 10 au zaidi. Rangi ya pilau iko hapo. Tia saumu na tangawizi, bizari nzima vijiko 2 vya chai, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Mimina nusu kikombe cha supu ukwangue chini kwa mwiko wa mti mpaka uhisi sufuria ni laini. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na hapo ndipo mashine inapogoma.

Sasa maji. Kwenye sufuria ya wazi kikombe cha mchele kinataka karibu vikombe 2 kwa sababu mvuke unapotea. Hapa haupotei. Mchele wa Kyela wa msimu huu: kikombe kwa kikombe. Wa zamani au basmati: kikombe kwa kikombe na robo, hakuna zaidi. Kipimo hicho kinahesabu na ile supu uliyokwangulia. Mchele uliooshwa ukae kwenye chujio dakika 10, maana maji yanayoning'inia kwenye punje nayo ni maji. Viazi viache vizima. Dakika 5, kisha dakika 10 bila kugusa, fungua, pindua taratibu kutoka pembeni. Bokoboko lako lilitokana na vikombe viwili vya mazoea.

Na bokoboko lenyewe, lile la ngano na nyama, linawezekana? – Msomaji wa Zanzibar aliyeko Muscat

Hili ndilo pishi ambalo presha kuka imezaliwa kwa ajili yake, na huko uliko harisi ni ndugu yake. Ngano iliyokobolewa kikombe kimoja na nusu, lowekwa usiku kucha. Nyama au kuku nusu kilo bila mifupa midogo, kijiti cha mdalasini, chumvi, maji vikombe 6. Dakika 45, presha ishuke yenyewe. Usilipigie ndani ya sufuria ya mashine, utachubua rangi ya chini isiyoshika chakula. Limimine kwenye sufuria nzito, toa mdalasini, ulisonge kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zisionekane. Likiwa jepesi, rudisha motoni likauke kidogo. Litakaza zaidi likipoa. Samli ya moto na vitunguu vya kukaanga juu.

Nikipika mchuzi wa rosti mashine inalia katikati, inaacha kupika. Ndani chini pameungua. – Baba anayejipikia, Mombasa

Kaka, toa sufuria ya ndani utazame katikati ya sahani ya joto. Kile kitufe cha chuma kinachobonyea ni kipima joto. Kikihisi chini pamepita kiasi, kinakata. Nyanya ya kopo, unga wa ngano na tui zito vyote vinazama na kuganda, kwa hiyo maji hayafiki chini.

Tia maji au supu kwanza, angalau kikombe kimoja, nyama juu yake, na nyanya ya kopo iwe juu kabisa bila kukorogwa. Baada ya kufungua ndipo ukoroge na kukaza mchuzi kwa kitufe cha kukaanga, mfuniko ukiwa pembeni. Angalia pia kama hakuna punje ya mchele iliyodondoka kwenye sahani. Punje moja inainua sufuria upande, na mashine inasoma joto la uongo. Pangusa chini ya sufuria ikauke kabla ya kuirudisha.

Mvuke unatoka pembeni ya mfuniko na presha haijai. – Msomaji, Kisumu

Mara tisa kati ya kumi ni mpira wa mfuniko. Uvue, utazame kama umeingia kwenye waya wake mzunguko mzima. Ukiuzungusha kwa kidole uteleze bila kuinuka popote. Nyuzi ya sukuma wiki ikinasa kati ya mpira na ukingo inatosha kuvujisha. Mpira uliolegea au kupasuka hautibiki, nunua mwingine wa modeli ileile. Kama mpira ni mzima, hakikisha kizibo kimegeuzwa upande wa kufunga na kipini kinapanda na kushuka ukikisukuma kwa kidole. Mafuta yaliyoganda hukigandisha. Kikigandia juu mfuniko haufunguki, usiutie bisibisi. Zima, subiri ipoe kabisa, ndipo ukigonge polepole.

Plagi yangu imeyeyuka kwenye ekstensheni. Na umeme ukikatika katikati nifanye nini? – Msomaji, Morogoro

Mashine hii inavuta zaidi ya ampea 4. Ekstensheni ya waya mwembamba yenye birika na pasi pembeni haiiwezi. Ichomeke ukutani moja kwa moja, kwenye soketi inayobana plagi. Inayocheza ndiyo inayotengeneza moto.

Umeme mdogo nao unachelewesha pishi. Ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, wati 1,000 zinabaki kama 610. Usidhani mashine imekufa saa 1 ya jioni mtaa mzima unapopika, presha itajaa ila kwa muda mrefu.

Umeme ukikatika, usifungue. Joto lililobaki linaendelea kupika. Zikiwa zimebaki dakika 10 au chini kwa nyama, iache nusu saa na mara nyingi utaikuta imeiva. Zikiwa zimebaki nyingi, andika zilizopita, na umeme ukirudi weka zilizobaki upya, kwa sababu mashine nyingi hazikumbuki. Ukichelewa zaidi ya saa 2 na chakula kimekuwa vuguvugu, usingoje tena, hamishia kwenye gesi au mkaa.

Mpira unanuka pilau, nikipika wali wa maziwa unanuka pilau. – Msomaji, Arusha

Nunua wa pili, mmoja wa vyakula vya viungo na mwingine wa vitamu. Kuloweka kwenye siki na maji ya moto kunapunguza, hakuondoi. Na mashine ikiwa kabatini usiifunge mfuniko, ugeuze juu chini.

Ugali? – Msomaji, Mwanza

Hapana. Sufuria itazunguka nawe, na mwiko utachuna rangi.

Krismasi tunapika kongoro na jogoo wa kienyeji. Dakika ngapi? – Familia ya Moshi

Kongoro lililochomwa na kukwanguliwa vizuri, dakika 60, na supu isipite alama ya theluthi mbili. Jogoo aliyezeeka dakika 35, ila kuku wa kisasa asizidi 10. Utumbo dakika 35, uoshwe kwa ndimu na kusuuzwa kabla. Ndizi za mshare tia nyama ikishaiva, dakika 4 tu, utoe mvuke mara moja kwa kitambaa kizito mkononi na uso mbali na kizibo. Supu ya kongoro ipikeni tarehe 24 usiku. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, myatoe kwa kijiko kabla ya kupasha.