Kabla ya Kupanda Matatu, Tazama Mwezi

Kila jamaa anayenitembelea hapa Malindi kutoka Mombasa au Nairobi huniuliza twende wapi tukarudi leo leo, nami siku hizi, kabla ya kutaja mahali popote, huuliza kwanza mwezi una siku ngapi. Hilo nilifunzwa na shangazi yangu. Nilimpeleka pamoja na watoto wake kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, tukafika saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama, nikitarajia kuwapandisha mtumbwi tupite katikati ya mikoko. Tulikuta tope tupu na mitumbwi imelala ubavu. Shangazi, ambaye ni binti wa mvuvi, alitazama mbali yalikokuwa maji, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii ni bamvua. Hukuuliza?"

Sikuwa nimeuliza, na watoto walirudi nyumbani bila kupanda chombo chochote. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba mwezi unapoandama na unapofika siku ya kumi na tano ndiyo bamvua, na maji ya pwani yetu hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Baada ya juma moja, wakati wa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kukupwa sana, majira hayo hugeuka, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayetaka mtumbwi asubuhi achague siku za maji mafu, na aliye na siku ya bamvua peke yake aende alasiri. Anayependa ndege ndiye afike maji yakiwa yanatoka, hasa kati ya Oktoba na Machi, wakati makundi yaliyokimbia baridi ya Ulaya na Asia yanapojaa kwenye tope kutafuta chakula. Mimi mwenyewe, nikiwa peke yangu, huchagua tope.

Magofu ya Gede hayategemei maji, ila nayo yana saa yake. Matatu za Watamu na za Mombasa hupita njia panda ya Gede, na kutoka hapo bodaboda hukufikisha langoni kwa muda mfupi. Nenda mapema, kabla ya mabasi ya wageni, maana mji ule huonekana vizuri ukiwa kimya: msikiti mkuu, kasri, visima virefu vilivyochimbwa mwambani, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wenyewe waliuhama katika karne ya 17, mibuyu ikaota ndani ya nyumba zao. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2024, na kwangu heshima hiyo ilichelewa mno. Tafadhali usiwape kima ndizi, hata watoto wakikuomba. Kima aliyezoea kulishwa hunyang'anya.

Ukibakiwa na nguvu, msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani, lakini ningekushauri uuwekee siku yake, uingie alfajiri na kiongozi anayejua njia za sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye hukimbia kabla hujamwona vizuri.

Nyari, kule Marafa, kaskazini mwa mto Sabaki, ndiko jua linakoamua. Makorongo yale ya udongo mweupe, mwekundu na wa waridi hushika joto kama tanuri, na nimeshuhudia mtu mzima akipata kizunguzungu saa saba mchana kwa kukosa kivuli na maji. Fika saa kumi alasiri, uchukue kiongozi wa kijijini, ushuke naye akusimulie habari za tajiri aliyeoga maziwa hadi ardhi ikammeza, kisha upande ukingoni ulitazame jua likizama na rangi zikibadilika. Elewana na mwenye tuktuk kwamba atakusubiri hadi mwisho, na umalizie malipo yake mkisharudi mjini, kwa sababu giza likiingia Marafa usafiri wa kurudi Malindi ni wa kubahatisha.