Jibu: Ripoti ya maoni kuhusu wasimamizi

Dada, umeuliza kwa nini wasimamizi wa hoteli yenu hapo Bagamoyo wanapewa ripoti ya maoni ya mabosi, wenzao na walio chini yao, kurasa 12 za grafu, halafu habadiliki mtu.

Mimi ningeanza kwa kuutoa ule wastani wa jumla. Mkuu wa jikoni akiambiwa ana 3.5, afanye nini nayo? Huenda meneja kampa 5 na wapishi wamempa 2, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Tenganisha makundi, na pembeni weka alama alizojipa mwenyewe.

Ila kundi lenye watu chini ya watatu usilionyeshe peke yake, maana itajulikana nani kampa alama gani. Maoni ya maandishi nayo yana hatari zake: mtu akiandika "ile Jumamosi ya harusi alinifokea mbele ya wageni", jiko zima linajua ni nani. Ondoa tukio, bakiza tabia.

Usimkabidhi mtu bahasha ukaondoka. Watafiti Kluger na DeNisi walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 1996, walikuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho, yaani maoni anayopewa mtu kuhusu kazi yake, ilishusha utendaji badala ya kuupandisha. Keti naye, achague mambo mawili ya kufanyia kazi, mkutane tena baada ya miezi michache. Mshahara usiuingize kabisa humo, wataanza kupeana alama za kujuana.

Kurasa tatu zinatosha. Zile grafu za utando wa buibui mrudishieni mshauri aliyewauzia.